Mche wa Nne

Mwisho wa Mei nakwangua mbegu kwa tupa ya kucha,
kila moja mara tatu, mgongoni, penye weusi mgumu,
nisiguse kale kakovu panapotokea chipukizi.
Kisha maji, usiku kucha, katika vikombe vya sake
ambavyo Kuwabara hatavihitaji tena.
Asubuhi zilizovimba napanda. Zinazoelea natupa,
ingawa mwaka juzi moja ilinicheka,
ikaota kwenye ndoo ya taka.

Asagao, tunaliita. Uso wa asubuhi.
Ni binamu wa kiazi kitamu na halifichi ukoo:
ukiwa na njaa ungelichuma jani ukapike.

Uchaguzi huanza majani mawili ya kwanza yanapofunguka.
Miche hamsini na miwili kwenye trei za mayai
juu ya mashine ya kufulia, uchochoroni Negishi.
Arobaini na mmoja imenyooka, imeshiba,
kama watoto kwenye picha ya shule.
Kumi na mmoja imejikunja,
masikio yake kama karatasi iliyokaliwa.

Mgeni angeing'oa hiyo.
Mimi hung'oa mizuri, kwa kidole na gumba,
najua ninachofanya, na bado mkono husita.

Lakini si yote. Sita naibakiza, minono, ya kawaida,
itakayotoa ua la bluu la duara
ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza analo kwenye kopo.
Maana mche uliopotoka hauzai.
Ua lake huchanika nyuzi nyuzi,
zambarau, ukingo mweupe,
pazia lililochezewa na paka;
chavua yote imegeuka pambo.
Uzuri ule ukiutaka tena mwakani
utaupata kwa ndugu yake asiye na makuu,
aliyeubeba bila kuuvaa.
Yupi kaubeba? Huoni.
Unapanda, unangoja, unaandika.

Dada yangu Towako alikuja Julai kwa basi la usiku,
miwani ya jua usoni saa kumi na moja alfajiri.
Tulikaa kwenye kreti za bia, hatukusemezana.
Ua likajifumua, uzi baada ya uzi.
Akasema: Hili ndilo. Nipe mbegu zake.
Nikasema: Halina.

Akaligusa. Akanyamaza
kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza.
Basi zinatoka wapi?
Nikamwonyesha nyuma ya mita ya gesi
mche wa nne, uliokwea kamba ya nguo
katikati ya soksi za wanangu.
Huyu? Akacheka. Huyu amefanana na wewe.

Kufika saa nne ua lilikuwa leso iliyolowa.

Oktoba maganda yakakauka, ukiyatikisa yanalia.
Kila mche bahasha yake, ndani ya mkebe wa chai:
wa kwanza, wa pili, wa tatu,
wa tano ambao sina hakika nao, wa sita.
Za mche wa nne nimegawa nusu,
nimezituma Aomori na barua fupi:
Usipande zote mwaka mmoja.
Usiharakie mizuri.
Kwangua mgongo. Kovu usiliguse.