Mzunguko na Nusu

Nikisimama tu, miguu nimeikita, nikarusha,
kisahani kinafika mita thelathini na nne.
Nikizunguka kinafika ishirini na sita,
au kinazama kwenye mahindi ya Mama Ndeshi,
au kinagonga wavu wa goli kuukuu
tulioufunga kwenye mikaratusi,
kinanirudia miguuni kama deni.

Mwalimu Elirehema anafunga daftari.
"Aikande, mkono unao. Mkono unatosha.
Mashindano ya mkoa ni wiki tano tu.
Hiyo densi utaicheza mwakani."
Naitikia ndiyo, mwalimu.

Mchana, kiwanda cha kahawa kikinyamazisha mashine
na Moshi nzima ikaanza kusikika,
naenda nyuma ya ghala, uwanja wa kuanikia:
saruji iliyosuguliwa na reki miaka arobaini,
laini kama kigae.
Navaa raba za kaka yangu, soli zimekwisha;
za kutembelea hazifai,
za kuzungukia ndizo zenyewe.
Nachora duara kwa majivu, mita mbili na nusu.
Nashika mfuniko wa sufuria ya ugali.

Wachambuaji wa buni wako kivulini na chai yao.
"Kapandwa tena!"
"Mwiteni mchungaji!"
"Mchungaji wa nini, mwambieni arudishe mfuniko."

Naandika nyuma ya risiti za magunia:

Jumatatu. Kichwa kimetangulia, mwili ukakifuata kwa hasira. Nimeanguka.
Jumanne. Mguu wa kulia nimeupeleka mbali, kama naruka mfereji. Afadhali.
Jumatano. Mkono ubaki nyuma, nyuma kabisa, ukokotwe,
kama mtoto anayepelekwa kliniki na anajua kuna sindano.
Alhamisi. Nimejaribu kufumba macho. Usirudie.
Ijumaa. Mvua.

Utotoni kaka alichonga pia kwa mti wa mpera,
akaichapa kwa ugwe wa mgomba uani kwetu.
Ilikuwa ikizunguka inatulia,
ikitulia inaanguka.
Nililia nikitaka nami niichape,
akaniambia subiri,
nikasubiri mpaka ugwe ukakatika.

Jumamosi mpwa wangu Anandumi alinipiga picha za video,
simu yake imepasuka kioo toka pembe hadi pembe.
Tukairudisha polepole, tukairudisha tena,
na ule ufa ukapita sawasawa
juu ya kisigino changu cha kushoto,
nami nikakiona kinatua
kabla ya zamu yake,
kizito, kama mgeni anayekaa kabla hajakaribishwa.
Mwezi mzima nilikuwa nalaumu bega.

Basi jioni ile nikaingia duara kwa vidole.
Sikukimbilia kitu.
Kushoto nikapasokota, kisigino hewani,
kulia kukafagia, kukatua katikati, kukaendelea kuzunguka,
nyonga ikafika,
kifua kikafika,
mkono ukafika wa mwisho, umechelewa vizuri,
na kisahani kikatoka kwenye kidole cha shahada
bila kuniaga.

Hakikuyumba. Kililala juu ya upepo.
Kibo ilikuwa imevua wingu, lakini sikuitazama,
nilitazama nyasi zinapofunguka.

Tukapima kwa kamba ya katani yenye mafundo,
Anandumi upande ule, mimi upande huu.
Thelathini na tatu na robo.
Bado ni pungufu ya kusimama tu.
Tukapima tena, ikawa ileile.
Nikacheka hadi Mama Ndeshi akachungulia mahindi yake.

Jumatatu mwalimu akauliza,
kalamu juu ya orodha ya majina:
"Sasa mkoani utafanyaje?"
"Nitazunguka."
"Utakuja kuanguka mbele za watu."
"Pia," nikamjibu.