Tule

Saa kumi na moja alfajiri, kabla greda halijasukuma theluji,
Veikko anafungua friza na kutoa mianzi
iliyokuja kwa lori kutoka Uholanzi, ikavuka kwa feri
pamoja na matairi na maua ya makaburini.
Anaipima. Kilo thelathini na nane.
Suyun atakula kumi na mbili;
zilizobaki atazinusa tu, shina kwa shina,
kama mnunuzi asiye na haraka, abonyezaye nyanya za watu.

Kisha Veikko anapima mavi. Usicheke.
Rangi na uzito huandikwa daftarini
na kila Ijumaa taarifa hutumwa Chengdu,
maana hata hayo si mali ya Kuusilahti.

Ukurasa wa thelathini na moja wa mkataba unasema:
mtoto akizaliwa, ni wa mwenye mama.
Mama akifa, ngozi irudi, mifupa irudi,
na sababu ya kifo ielezwe kwa nakala mbili.
Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo.
Hawakutuambia lolote juu ya cha kuazima
kinachokupumulia kiganjani.

Luo Wenxiu, aliyemleta, alikaa miezi mitatu
ndani ya makoti mawili, akimsemesha kwa lafudhi ya Ya'an,
sauti ya mtu anayemwita shangazi mwenye uziwi kidogo.
Alipoondoka alimwachia Veikko maneno sita kwenye karatasi.
Veikko aliyatamka vibaya yote sita.
Suyun akamgeuzia mgongo, mweupe, mpana kama mlango.

Ndipo akatumia neno la kwao: tule.
Kwa Kifini maana yake ni njoo.
Wewe na mimi, tunaolisoma huku, tunasikia sahani zikipangwa.
Suyun alisikia yote mawili.

Kila Aprili kuna siku mbili, zikizidi tatu,
ambazo mwili wake hukubali.
Mji mzima ulingoja. Marjukka, mwoka mikate,
alijaza dirisha lake keki zenye masikio meusi.
Suyun alilia usiku kucha, mlio wa mbuzi mchanga,
na Beiduo, upande wa pili wa wavu uliofunguliwa,
akala, akajikuna, akalala.
Keki ziliuzwa nusu bei.

Theluji aliipenda, hilo ni kweli.
Alijiviringisha toka kilimani, tumbo juu,
na meya akasema mbele ya kamera: mnaona alivyo na raha.
Lakini watu wakishakwenda kunywa kahawa
alitembea. Kando ya ukuta, akakata kona, akarudi,
mpaka njia yake ikachora namba nane kwenye theluji.
Ikinyesha mpya usiku, asubuhi nane ni ileile,
nyayo juu ya nyayo zilizofukiwa.

Novemba baraza lilipiga kura, kumi na saba kwa tisa.
Paa la shule lilikuwa linavuja.
Hakuna aliyekuwa na kosa.

Wiki sita Veikko alimzoeza kreti.
Tufaha mlangoni. Tufaha katikati.
Tufaha mwisho kabisa, penye giza.
Siku yenyewe ilipofika hakuwa na tufaha hata moja,
mikono ilimtetemeka, akalisahau ndoo zima getini.
Tule, alisema.
Naye akaingia.
Hilo ndilo linalomkosesha usingizi: hakusita.

Mianzi iliyobaki walipewa kulungu.
Wakainusa, wakaenda zao.

Mwezi Machi Wenxiu aliandika:
Yu mzima. Ameongezeka kilo tano.
Jina lake haliitikii. Nimemwita kwa Kichina cha redio,
nimemwita kwa Kichina cha mama yangu.
Jana nikakumbuka lile neno lako,
nikalitamka vibaya, nisamehe.
Akaacha kutafuna. Akainua kichwa.
Aliutazama mlango, si mimi.