Maelezo ya Mteremko, Kajificheni

Fomu imeniachia mistari minne.
"Eleza sababu za kubadili uso wa jengo,"
kisha nukta, nukta, nukta hadi ukingoni,
kama msafara wa siafu.

Nimeandika: nyumba ya ghorofa mbili, mawe na chokaa,
boriti za mkoko, mlango wa kuchonga.
Nimeandika: ngazi mbili, kila moja sentimita kumi na nane.
Kizingiti, kumi na nne.
Jumla, hamsini.

Hamsini ni urefu wa mtoto mchanga ukimlaza.
Kwa Bi Shinuna ni miaka minne.

Mtaa ulishaitwa Kajificheni zamani,
naye akajificha bila kuamrishwa na mtu,
tangu alfajiri ile upande wa kulia ulipomkataa
na birika la udhu likagwa.
Siku za hospitali wapwa zake humbeba,
mmoja makwapani, mmoja miguuni,
naye huvuta buibui usoni,
si kwa haya ya wanaume,
kwa haya ya kuwa mzigo.
"Gunia la karafuu," aliniambia,
"angalau hupimwa, likalipwa."

Nilitaka kuliandika neno hilo.
Fomu haina pa kulitia. Fomu inataka uwiano.
Haya: moja kwa kumi na mbili.
Hamsini mara kumi na mbili, mita sita.
Na uchochoro wetu haufiki mita mbili.
Mteremko ukitoka mlangoni moja kwa moja
utaingia kwa Mbarouk, jirani wa mbele,
utapita ukumbini, utamkuta mezani.

Basi ulale ubavuni, juu ya baraza ya kushoto:
mita sita na shubiri moja.
Nimepima mara tatu. Shubiri ile nimeishukuru.
Chokaa, si saruji. Mlango usiguswe msumari.
"Unaweza kuondolewa wakati wowote,"
maana Mamlaka huipenda sentensi hiyo.
Nimeifuta.
Nimeirudisha.

Mbarouk alikuja na kanzu yake ya Ijumaa kulalamika:
baraza ile ya tangu babu, watu watakaa wapi?
Fundi Vuai akagonga plasta kwa mpini wa mwiko.
"Ya kulia ipo. Na hii, mwenye nyumba
anataka kuikalia mwenyewe, akipita."

Ofisi ya vibali iko juu.
Mwombaji atie saini mbele ya ofisa, yeye mwenyewe.
Ngazi ishirini na tatu; nazihesabu kwa mazoea ya kazi.
Bi Shinuna alibaki chini, ukutani penye kivuli,
kitambulisho mkononi kama tiketi.

Bwana Makame aliitazama fomu.
"Hana ndugu wa kumpandisha?"
Sikujibu. Nilimfungulia ukurasa wa tatu,
pale nilipoandika: mtu aingie na atoke
bila kubebwa na mtu.
Alisoma polepole. Akavua miwani, akavaa.
Kisha akachukua muhuri na kidau cha wino,
akashuka mbele yangu,
na kwenye ngazi ya kumi hivi nikamsikia, kwa sauti ndogo,
naye anahesabu.

Alichutama. Fomu ikawekwa juu ya paja la Bi Shinuna.
Alitia saini kwa mkono wa kushoto,
herufi kubwa, zimeinama,
zimetoka nje ya kisanduku.
Hakuna aliyesema zirudiwe.

Jibu ni baada ya siku sitini.
Lakini barua imekuja kabla: ambatisha picha ya mfano.
Leo Fundi Vuai ametandika mbao juu ya baraza, kwa asubuhi moja tu.
Nimesimama na kamera, tepu shingoni.
Bi Shinuna ameshuka hadi nusu,
akalishika gurudumu, akatulia.

Nilidhani anaogopa.

"Ngoja kwanza," alisema.
"Hapa namwona Mbarouk anavyokula.
Miaka yote hii hujisifu kwangu mchuzi wa papa.
Kumbe mkate mkavu na chai."