Baki Moja

Mteja alikuwa na kichwa kikubwa. Ndivyo ilivyoanza.
Nilitumwa mimi na uzi, nikamzungusha juu ya masikio,
nikafunga fundo, nikarudi mbio Langoni,
na shangazi Mwanashee, kwenye baraza ya daka,
akaulaza ule uzi juu ya kitambaa
akitia nukta za penseli kwa hesabu ya kwao:
moya, mbili, tatu… sabaa, nane, kenda,
hata akafika kwenye fundo.
Mia na kumi na tatu.

"Mbaya hii," akasema, kama anayechagua samaki.

Kofia huzunguka, hilo ndilo tatizo lake.
Mkeka una ukingo, ukikosea utaukunja;
ukuta wa kofia hurudi ulikoanzia,
na ua la mwisho sharti lishikane mkono na la kwanza.
Kwa vitobo saba saba: maua kumi na sita, baki moja.
Kwa vinane: maua kumi na manne, baki moja.
Kwa kumi na vinne: manane. Baki moja.
Akajaribu vitatu, vikabaki viwili; vitano, vikabaki vitatu.
Kila mlango aliobisha, kuna mtu alibaki nje.

Nilikuwa darasa la sita, na kitabu alichoniletea mjomba kutoka Tanga.
Nikamwambia: usijisumbue,
nimejaribu mbili, tatu, tano na saba.
"Na kumi na moya?"
Hakuna haja. Kumi na moja mara kumi na moja
ni mia na ishirini na moja, imeshapita.
Angekuwapo mkubwa wa kuigawa
angekuja na mwenziwe mdogo,
na wadogo wote nimeshawaita, hakuitika hata mmoja.

Akaiweka sindano chini.
"Yaitwaje, hesabu ya namna hii?"

Kitabu kilikuwa wazi mapajani mwangu.
Herufi nene: *namba tasa*.
Na mtaa mzima, tangu talaka yake ya pili,
ulikuwa na neno hilo hilo juu ya shangazi yangu,
likisemwa nyuma ya pazia,
likisemwa kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi.
Nikakifunga. Haina jina, nikasema.
Akaninyoshea mkono.
Alisoma polepole, kidole chini ya herufi,
akasoma tena,
kisha akacheka hata punda aliyekuwa akipita na magunia ya saruji
akageuza sikio.
"Aloandika ni mwanamume?"
Mwanamume.
"Nalijua."

Akashona maua kumi na manne ya vitobo vinane,
na kile kimoja akakiweka nyuma, kisogoni,
kwa uzi ule ule, bila kukificha,
kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake.
Mteja alilipa na kwenda zake.
Nani huona kisogo chake?

Leo nafundisha. Watoto wananiuliza
hesabu itawafaa nini, na simu zinajumlisha zenyewe.
Naandika ubaoni sitini, nawaambia: ivunjeni.
Mbili, mbili, tatu, tano. Basi, haivunjiki tena.
Mia na kumi na mbili: mbili nne, na saba mmoja.
Vunjeni yoyote mtakayo, nasema,
chini kabisa mtawakuta hao hao
wasiozaliwa na zidisho lolote,
na namba zote nyingine ni uzao wao.
Halafu mmoja, kila mwaka yupo mmoja, huinua mkono:
Mwalimu, mbona basi zikaitwa tasa?
Nafuta ubao. Nafuta hata pasipoandikwa.

Ijumaa iliyopita, khatibu yu juu ya mimbari,
niliketi nyuma ya mzee mmoja nisiyemjua,
kichwa kama mtungi,
kofia imegeuka rangi ya maziwa yaliyolala.
Macho yakaanza yenyewe: nane, nane, nane,
hotuba yote ikanipita.
Nilipofika kisogoni
nilikuwa nimesahau nilikoanzia.
Kilikuwapo.
Nikaanza upya:
moya.