Isa Aliitika

Mianzi miwili niliinunua kwa mama yake Nandudu
aliyekuwa akikata ya uzio.
Akauliza, mwalimu, unajenga?
Nikamwambia, nafundisha.
Akanipunguzia bei kwa huruma.

Darasa la nne, Bududa, baada ya uji.
Madawati tumeyasukumia ukutani,
sakafu tumeinyunyizia maji vumbi lilale.
"Hii tunakula," alisema Khaukha, akigonga mwanzi kwa kucha,
na ni kweli, kwetu mwanzi ni malewa,
chipukizi lililokaukia moshini
likaja kulainika ndani ya karanga.
Nikasema, leo hatuuli. Leo tunaukwepa.

Ngoma yenyewe alinipa Sista Dalisay wa zahanati,
mzaliwa wa visiwa ambavyo ramani yetu ya ukutani
imechanika hapohapo, penye msumari.
Alinionyesha uani, gauni la utawa kalikunja hadi magotini,
mipini miwili ya majembe imelala chini,
akihesabu kwa lugha ya mama yake:
isa, dalawa, tatlo.
Gonga, gonga, bana.
Nami nikazichukua hesabu zake zilivyo,
kama mtu aazimaye sufuria pamoja na mfuniko.

Basi nikapaza sauti: "Isa!"
"Naam, mwalimu," akaitika Isa Wamono, akasimama wima.
Darasa zima likaanguka kwa kicheko.
Nikaanza upya. Akasimama upya.
Mara ya nne nikamwacha asimame tu,
akawa ndiye moja wetu.
Nambozo akasema hiyo tatlo ni tatu iliyojing'ata ulimi.

Nikawaeleza habari za ndege:
yupo huko kwao, miguu mirefu, mwizi wa mpunga,
mkulima humtegea mianzi,
naye hupita katikati, hatua baada ya hatua,
mtego ukifumba yeye hayupo.

"Hana mabawa?" aliuliza Mutonyi.
"Anayo."
"Si apae aende zake?"

Nikatazama dirishani.
Nikasema, tuendelee.

Gonga, gonga, bana.
Gonga, gonga, bana.
Kuloba alibanwa kifundo, akadai ni mbu.
Khaukha, niliyempa kushika ncha za mianzi,
kaka yake kaingia jandoni Agosti iliyopita
na kadodi haijamtoka mikononi:
tatu zangu akazivuruga zikawa kitu kingine,
cha kwenda mbio barabarani na unga usoni,
miguu ikapotea, mianzi ikapotea,
nami, Mungu anisamehe, mabega yangu yakamfuata.

Mwalimu mkuu akachungulia.
"Haya yamo kwenye mtihani?"
Hayamo.
Akabaki pale mlangoni kitambo, kiatu kimoja kikigonga.

Mutonyi aliruka wa mwisho.
Mlima ulipoporomoka mwaka juzi usiku
haukuhesabu kwanza.
Hilo halisemwi darasani, na sikulisema.
Aliingia kati ya mianzi bila kuitazama,
macho ukutani, kidevu juu,
kama avukaye Manafwa juu ya mawe na ndoo kichwani.
Ndani, ndani, nje.
Ndani, ndani, nje.
Khaukha akaongeza kasi kwa ukorofi;
akaongeza tena, kwa heshima.
Hakubanwa.

Alipotoka, anahema,
akanijia karibu kana kwamba tulikuwa bado tunazungumza:
"Mwalimu, nimejua.
Akipaa, ule mpunga ataula nani?"

Kengele. Mwanzi mmoja ulikuwa umepasuka,
nikaurudisha kwa mama Nandudu, akaupokea,
uzio hauchagui.
Jioni nilikuwa nikisahihisha madaftari
niliposikia watoto wakipanda kwenda makwao,
sauti zikipungua kila penye kona.
"Isa!" mmoja akaita.
"Naam!"
"Dalawa!"
Hakuna mwenye jina hilo kijijini.
Kalamu ikasimama mkononi.
Kisha, kutoka juu kabisa, upande wa kina Mutonyi:
"Naam!"