Bati la Paa

Mwalimu Jendeka hakuanza na mikono.
Alifunga kamba ya katani kutoka nguzo hadi mkaratusi,
uwanja wa Hamisi ungali na umande,
tukapita chini yake upande upande, magoti yamekunjwa,
na aliyeigusa kwa kichwa alichota maji ya jikoni.

"Msiutazame mpira. Tazameni bega la anayeupiga;
mkono hudanganya, bega haliwezi."

Na mikono?
"Nyoosha viwiko, ibane, iinamishe kidogo, iwe bati la paa
linalopeleka mvua pipani.
Umewahi kuona bati likiipiga mvua?"

Fainali, Mbale. Yule mrefu wa Lugari akaruka,
bega likafunguka upande wangu.
Nikashuka.
Pa!
Kishindo kikapita mikononi, nyongani, magotini,
kikazama ardhini kwa vidole vya miguu,
na mpira ukapanda taratibu, mwepesi,
hadi viganjani mwa Kavere.

Seti tuliipoteza hata hivyo.

Jioni mama akaiona mikono yangu ilivyovimba:
"Nani amekuchapa?"
Sikujibu. Nilikuwa nachochea moto,
nimechuchumaa, visigino juu,
namtazama bega.