Ngamani Palikuwa Pangu

Evaristo anashona vitumbwi vya gome mezani,
kila kimoja urefu wa kiganja,
awauzie wageni wa meli wanaoshuka Navarino
kutazama mwisho wa dunia ulivyo.
Uzi wa dukani. Sindano ya marehemu mama yake.
Mikono anayo, sikatai.
Nimekichukua kimoja, nimekigeuza chini juu,
nimemuuliza: moto unakaa wapi humu?
Akacheka. Bibi, hiki ni cha rafuni.

Cha rafuni.

Sikiliza basi, na usiache kushona.

Gome halibanduliwi siku yoyote tu.
Hungojwa utomvu upande,
mti wa koiwe ulegeze nguo yake.
Baba alikwea kwa kamba ya ngozi,
akakata juu, akakata chini, kwa kombe la kome lililonolewa,
kisha akalivua lile gome polepole
kama unavyomvua mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Tulishona kwa ndevu za nyangumi,
tukaziba matundu kwa majani mororo na udongo,
na bado kilivuja. Kilivuja tangu siku ya kwanza.
Mwaka haukuisha kabla hakijaoza.
Hatukukililia.

Omo palikuwa pa baba, amesimama na chusa,
macho yakimsaka sili.
Tezi palikuwa pa mama, Lapatakipa,
jina la ghuba alikozaliwa,
amepiga magoti, kafi mkononi, mgongo unang'aa mafuta.
Ngamani palikuwa pangu:
mkono huu nafua maji,
mkono huu nalisha moto
juu ya kitanda cha mchanga na nyasi mbichi.
Maji na moto, chombo kimoja, mtoto wa miaka sita.
Kimoja kikizidi, tumekwisha.

Baba hakujua kuogelea. Wanaume wetu hawakujua.
Na pwani yetu ni mawe matupu;
gome ukilikokota juu ya mawe, umelichana.
Kwa hiyo kila jioni mama alitushusha,
mimi na makaa yangu ndani ya kombe,
akarudi peke yake hadi kwenye mwani mkubwa,
akakifunga chombo kwenye mashina yake,
akajitosa, akaogelea
katika maji ambayo wewe, Evaristo,
hutii mkono ukahesabu hadi ishirini.

Usiku mmoja wa theluji nililala chini ya ngozi.
Mama alidhani niko na baba.
Baba alidhani niko nyuma yake.
Nilizinduliwa na kimya cha kafi.
Mwani ulikuwa unakwaruza gome,
na moto umebaki jicho moja jekundu.
Nikaulisha kijiti. Nikafua maji.
Hakuna aliyeniambia zamu imekwisha.

Katikati ya maji mama aliinua kichwa,
akatazama pwani: hakuna cheche.
Akajua.

Kichwa chake kilitokea ubavuni kama fisi-maji.
Njoo, alisema. Nikakataa.
Nani ataulinda moto? Nililia, nikaukumbatia moshi.
Akachota maji kwa kiganja, akayamwaga juu ya jicho lile.
Lilifoka mara moja tu.
Moto tutauomba kwa jirani, alisema, meno yakigongana.
Wewe nitakuomba kwa nani?

Nilishika nywele zake. Sikumbuki baridi.
Nakumbuka watu watatu chini ya ngozi moja hadi alfajiri,
na asubuhi, moshi wa watu ng'ambo ya mlango-bahari,
na baba, bila neno,
akienda tezi na kulishika kafi.
Sijawahi kumwona tena akilishika.

Evaristo ameacha kushona. Nilimwambia asiache.

Nimetoka nje, nimerudi na udongo kuchani,
nimeubandika katikati ya kitumbwi chake,
bonge dogo kama kidonge cha dawa.
Bibi, mgeni atasema ni uchafu.

Mwache aseme.
Mwongezee bei.